Hipnosisi, ubongo na nguvu ya anayesema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wauguzi, walimu, wanafunzi wa vyuo vya afya na msomaji yeyote wa Nyanda za Juu Kusini aliyelisikia neno hili redioni, kanisani au stendi akataka kujua lipi ni la kweli. Maswali yamefuata jinsi watu wanavyouliza, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine yana mistari miwili.

Hipnosisi ni nini hasa?

Mtu mmoja anaongoza kwa maneno. Mwingine anakaza mawazo mahali pamoja na kuacha mengine yapite. Kisha anayeongoza anatoa madokezo: "mkono unakuwa mwepesi", "ganzi inaenea kwenye fizi". Msikilizaji aliye mwepesi wa kupokea hahisi kwamba anatekeleza agizo. Anahisi mkono unapanda wenyewe. Ukiinua mkono kwa sababu umeombwa, hiyo ni adabu tu. Ukipanda huku wewe unautazama, hapo pana hipnosisi.

Jina hili lilienezwa na James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ambaye kitabu chake kilitoka 1843. Kabla yake, Franz Mesmer alikuwa amewaaminisha watu wa Vienna na Paris kwamba ana nguvu ya sumaku inayotoka mwilini na kuponya. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya uchunguzi, Benjamin Franklin na mwanakemia Lavoisier wakiwamo. Walimchukua mvulana wa miaka 12 aliyesifika kuwa mwepesi sana, wakamfunga kitambaa machoni, wakamtembeza kwenye bustani ambamo mti mmoja tu ulikuwa "umetiwa sumaku". Alianguka kwenye mti wa nne, ambao haukuwa umeguswa na mtu. Tume ikaandika kwamba sumaku haipo, kilichofanya kazi ni fikra za mvulana. Walidhani wamefunga mjadala, kumbe ndipo swali zuri lilipoanzia: fikra inamwangushaje mtu mwenye miguu mizima?

Je, mtu analala?

Hapana. Umeme wa ubongo ukipimwa unaonyesha mtu aliye macho. Anasikia, anajibu, anaweza kukohoa na kuomba maji. Akilala kweli, kikao kimekwisha, maana madokezo hayaingii tena. Hilo hutokea sana kwa aliyetoka zamu ya usiku au aliyeshiba ugali saa saba mchana.

Kwenye ubongo kunatokea nini?

Inategemea ameambiwa nini. Hakuna sehemu moja ya ubongo inayowaka kila mtu anapoingia kwenye hipnosisi. Kila dokezo linagusa mtandao wake.

Chukua maumivu, maana ndiko kulikochunguzwa zaidi. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake wa Montreal waliwaingiza watu mikono kwenye maji ya nyuzi joto 47, ambayo yanaumiza bila kuunguza, huku wakiwapima kwa PET, mashine inayopiga picha ya kazi ya ubongo. Dokezo lilihusu kero tu: maumivu yapo palepale, ila yanakusumbua kidogo, au yanakusumbua sana. Eneo la ubongo linalopokea hisia za ngozi halikubadilika kwa maana yoyote. Kilichopanda na kushuka ni singuleti ya mbele, sehemu iliyo kwa ndani kati ya nusu mbili za ubongo, inayohusika na kukerwa na kuhangaika. Mwaka 2001 kundi hilohilo likabadili maneno. Safari hii dokezo lilihusu ukali wenyewe wa maumivu. Sasa eneo la hisia za ngozi ndilo lililofuata dokezo. Maji ni yaleyale na mkono ni uleule, lakini sentensi mbili tofauti ziligusa maeneo mawili tofauti ya ubongo. Ndiyo maana mwongozaji anayejua kazi huandika maneno yake kabla ya kikao.

Mfano wa pili ni wa kusoma. Andika neno "NYEKUNDU" kwa wino wa kijani, umuulize mtu rangi ya wino. Atasita, kwa sababu ubongo umeshalisoma neno kabla hajataka. Amir Raz na wenzake waliwadokezea watu wepesi kwamba herufi watakazoziona ni alama za lugha wasiyoijua. Kusita kukapungua sana, na matokeo yao ya 2005 yakaonyesha singuleti ya mbele imetulia, kwa kuwa mgongano wenyewe haukuwapo tena. Baadaye walijaribu kutoa dokezo hilohilo bila ule utangulizi wa kutuliza, na bado likafanya kazi. Kwa hiyo saa ya kuning'iniza na sauti nzito ni mapambo. Kazi inafanywa na dokezo na aliyelipokea.

Mwaka 2009 watafiti wa Geneva walidokeza kwamba mkono wa kushoto umepooza. Eneo la mwendo liliendelea kujiandaa kana kwamba mkono utainuka. Kilichobadilika ni mawasiliano yake: lilianza kushirikiana zaidi na sehemu ya nyuma na ndani ya ubongo inayoshughulika na taswira na mambo ya nafsi. Walioigiza kupooza kwa makusudi hawakutoa picha hiyo.

Mwaka 2016 kundi la David Spiegel, Chuo Kikuu cha Stanford, liliwachuja watu 545, kisha likawapima 36 walio wepesi sana na 21 wagumu sana kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Kwa wale wepesi, wakati wa hipnosisi singuleti ya mbele ilipunguza kazi. Eneo la mipango la mbele likashikamana zaidi na insula, inayopokea habari za mwili. Na eneo hilohilo la mipango likapungua kushirikiana na mtandao unaohusika na kujitafakari. Yaani mtu anafanya jambo bila ile sauti ya pembeni inayouliza "mbona ninafanya hivi?"

Tahadhari moja kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti: sehemu kubwa ya kazi hizi imefanywa kwa vikundi vidogo vya watu wepesi kupita kiasi. Usichukue picha ya watu kumi ukawasemea watu wote wa Mafinga.

Kama ni mambo ya ubongo, jamii inaingiaje?

Inaingia mapema kuliko mwongozaji mwenyewe. Kabla neno la kwanza halijatamkwa, msikilizaji ameshajiuliza: huyu ni nani, anaruhusiwa, wengine walifanyaje, na mimi natarajiwa nifanyeje?

Waingereza wawili, Gandhi na Oakley, walichapisha mwaka 2005 jaribio rahisi mno. Utaratibu ulikuwa mmoja, ila kundi moja liliambiwa "hii ni hipnosisi" na jingine likaambiwa ni kujituliza tu. Walioambiwa hipnosisi walipokea madokezo zaidi. Jina lenyewe lilikuwa sehemu ya dawa.

Zito zaidi ni la Denmark, lililotolewa na Uffe Schjoedt na wenzake mwaka 2011. Wakristo waliozama kwenye maombi ya uponyaji, na watu wasio na dini, walisikilizishwa sala zilizorekodiwa huku wakiwa ndani ya MRI. Waliambiwa baadhi ya wasomaji si Wakristo, wengine ni Wakristo wa kawaida, na wengine wana karama ya uponyaji. Ukweli ni kwamba wote walikuwa Wakristo wa kawaida. Kwa waumini, walipoamini kwamba anayesali ana karama, maeneo ya mbele ya ubongo yanayopima na kukagua habari yalishusha kazi yake. Kwa wasio waumini hakukuwa na mabadiliko hayo. Na kadiri yalivyoshuka, ndivyo muumini alivyomsifu zaidi msemaji baadaye. Watafiti wenyewe walilinganisha hali hiyo na hipnosisi: unapomwamini mtu kabisa, ubongo unampunguzia ukaguzi.

Hii haihukumu imani ya mtu. Ubongo hufanya hivyohivyo kwa daktari wa koti jeupe, kwa mwalimu anayeheshimika na kwa mzee wa ukoo, na mara nyingi kunasaidia. Huwezi kumkagua upya kila anayekufundisha. Hatari inakuja pale cheo kinapovaliwa na asiyestahili.

Kuna pia habari ya oksitosini, homoni inayohusika na ukaribu na kuaminiana. Mwaka 2012 Richard Bryant na wenzake wa Australia waliripoti kwamba watu wagumu waliopuliziwa oksitosini puani walipokea madokezo zaidi kuliko kabla. Inavutia, lakini ni msingi mwembamba wa kujengea tiba. Anayekuuzia kichupa chake mtandaoni kwa ajili ya "kuongeza ushawishi" anakuuzia maji.

Hivi ni kitu kimoja na kulogwa, kupandisha mapepo au kuanguka kwenye maombi?

Si kitu kimoja, ila viungo kadhaa vinafanana: matarajio, kiongozi mwenye cheo, macho ya watu, ngoma au wimbo unaorudiwa, na mifano ya walioanguka kabla yako. Anayeanguka mkutanoni kwa kawaida haigizi. Mwili umefuata jambo ambalo akili imelitarajia kwa nguvu, na yeye anahisi limemjia kutoka nje. Chanzo cha mwisho ni nini, hilo ni swali la dini, na MRI haina jibu lake.

Walimu wa shule za bweni wanauliza zaidi kuhusu wasichana wanaoanguka na kupiga kelele kwa mkupuo. Nchi hii ina mfano uliosomwa dunia nzima: Kashasha, Kagera. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Hakuna sumu wala kiini cha ugonjwa kilichopatikana. Hakukuwa na mwongozaji, kwa hiyo hiyo haikuwa hipnosisi. Njia tu ndiyo ya jirani, yaani hofu inayopita kutoka kwa anayeonekana kwenda kwa anayetazama. Likitokea bwenini, fanya hivi: mtoe aliyeanguka mbele ya macho ya wenzake, abaki na mtu mzima mmoja mtulivu, mpime joto na malaria, uliza kama ana kifafa na kama amekula, wengine wapewe kazi ya kawaida, siyo kukusanywa ukumbini. Kuita umati, simu za kurekodi au mtaalamu wa kutaja mchawi ni nani huongeza idadi siku hiyohiyo. Anayerusha mikono na miguu zaidi ya dakika tano, aliyejikojolea au aliyeumia ulimi apelekwe hospitali bila mjadala.

Tapeli wa stendi alinipulizia dawa nikampa simu na hela mwenyewe. Je, ile ni hipnosisi?

Swali hili linatoka Kabwe, linatoka Makambako, linatoka Tunduma, karibu kwa maneno yaleyale. Hakuna dawa inayojulikana ambayo ukimpulizia mtu hewani sekunde mbili anageuka mtiifu lakini anaendelea kutembea na kuhesabu noti vizuri. Wala hipnosisi haifanyi kazi kwa mtu asiyejua kwamba amealikwa. Kilichopo ni ufundi wa watu watatu wanaojifanya hawajuani.

Wa kwanza anauliza njia, mara nyingi kwa unyonge: mgeni, Kiswahili kibovu, ana dhahabu kutoka Chunya au bulungutu la dola. Wa pili "anapita tu", anatokea kuwa mtu wa heshima aliyechomekea, anathibitisha kwamba mali ni halisi. Wa tatu anataka kununua kwanza. Sasa una haraka, una siri ("usimwambie mtu, watatuibia"), na una mashahidi wawili. Wanakutembeza, kwa sababu mtu anayetembea na kuzungumza hapati nafasi ya kufikiri. Kila hatua ni ndogo: shika hiki, nishikie kile, toa simu tupige hesabu. Baadaye, ubongo unapotafuta maelezo ya jambo la aibu, "nilipumbazwa" ni maelezo yasiyoumiza. Kuzugwa namna hii hakumaanishi wewe ni mjinga. Hata watu wa benki huzugwa.

Kinga ni ya mwili zaidi kuliko ya akili. Simama. Geuka umpigie mtu wako sauti au simu. Ingia dukani kwa mtu mnayefahamiana. Mtego unahitaji mwendo na upweke. Ukivunja kimoja umevunja vyote.

Kulishwa biskuti au juisi yenye dawa ya usingizi ndani ya basi ni habari nyingine kabisa, nayo ni ya kweli. Huyo amelewa dawa na ni mgonjwa. Apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya kinywaji yabebwe.

Nani anaweza kuingia kwenye hipnosisi?

Karibu kila mtu kwa kiasi fulani. Kwa makadirio ya kawaida, watu 10 hadi 15 katika 100 ni wepesi sana, idadi inayokaribiana na hiyo ni wagumu sana, na waliobaki wako katikati. Vipimo maarufu ni vya Stanford, vilivyoanza 1959, na cha vikundi cha Harvard cha 1962. Kila kimoja kina vipengele 12, kuanzia vya mwendo ambavyo wengi hufaulu, hadi vya kuona au kusikia kisichokuwapo, ambavyo wachache hufaulu.

Kipengele kimojawapo kinakwenda hivi, ukikigeuza kwa mazingira yetu. Mtu anafumba macho na kunyoosha mkono mbele, usawa wa bega, kiganja juu. Anaambiwa kwa sauti ya kawaida, bila haraka, kwamba mkono umeshika ndoo ya lita 20, na maji yanaongezwa kopo kwa kopo. Uzito unafika kwenye kiwiko, unafika begani. Unaendelea dakika moja au mbili, kisha unanyamaza sekunde kumi na kutazama. Mkono ukishuka sentimita 15 au zaidi, amefaulu. Halafu, na hili ndilo wengi husahau, muulize: uliushusha au ulishuka? Anayejibu "nilikuhurumia" hajafaulu, hata kama mkono umegusa paja.

Wepesi huu haubadiliki ovyo. Watu 50 waliopimwa Stanford walipimwa tena baada ya miaka 25, na uhusiano wa alama za mwanzo na za mwisho ulikuwa 0.71, uthabiti unaokaribia ule wa vipimo vya akili. Hauhusiani na ujinga wala udhaifu. Watoto wa miaka 8 hadi 12 ndio wepesi zaidi.

Mtu anaweza kulazimishwa kufanya uovu?

Mwaka 1965 Martin Orne na Frederick Evans waliwaomba watu walio kwenye hipnosisi washike nyoka wa sumu na wamrushie mtu tindikali. Wengi walijaribu. Inatisha, hadi usikie upande wa pili: walioambiwa waigize tu walifanya vilevile, kwa sababu wote walijua kwamba mtafiti wa chuo kikuu hatawaacha waumie, na kweli palikuwa na kioo kisichoonekana na kimiminika kilikuwa kimebadilishwa. Nguvu iliyowasukuma ilitoka kwenye maabara na cheo cha mtafiti. Kwa hiyo jibu la kitabuni kwamba "hutafanya kamwe usilotaka" linafariji kuliko inavyostahili. Mwongozaji mwenye nia mbaya hahitaji hipnosisi. Anahitaji kuaminiwa, mlango uliofungwa na mtu asiye na wa kumuuliza.

Inatibu nini?

Maumivu kwanza. Mapitio ya 2019 yaliyokusanya majaribio 85 yenye watu 3,632 yalikuta maumivu yanapungua kwa asilimia 42 kwa watu wepesi na asilimia 29 kwa wa kati. Kwa wagumu faida ilikuwa ndogo. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Elvira Lang kwa wagonjwa 241 waliokuwa wakipitishiwa mirija kwenye mishipa na figo wakiwa macho. Waliosaidiwa kwa hipnosisi walitumia takribani nusu ya dawa za kutuliza, na shughuli ilichukua wastani wa dakika 61 badala ya 78. Liège, Ubelgiji, tangu 1992 wapo wagonjwa wanaopasuliwa tezi ya shingo kwa hipnosisi pamoja na ganzi ya mahali na dozi ndogo ya dawa. Zingatia neno "pamoja". Ganzi haijaondolewa.

Kwa tumbo linalosokota, kujaa na kuharisha bila kidonda wala mdudu, Peter Whorwell wa Manchester alianza kuonyesha matokeo mazuri mwaka 1984, na mwongozo wa tiba wa Uingereza unaitaja kama njia ya kufikiria dawa zikishindwa. Hofu ya sindano, ya meno na ya kujifungua, nayo hupungua. Kuacha sigara: ushahidi ni dhaifu, licha ya matangazo. Kisukari, shinikizo la damu, VVU, kifafa na saratani havitibiwi kwa hipnosisi. Inaweza kusaidia kichefuchefu au hofu inayoambatana nayo.

Kikao kinakwendaje?

Kwa kawaida dakika 30 hadi 45. Dakika kumi za mwanzo ni mazungumzo: historia ya ugonjwa, dawa anazotumia, kama amewahi kusikia sauti au kuchanganyikiwa, na anachokiogopa kuhusu hipnosisi. Usipoondoa hofu ya "nitakwama humo" au "utaingiza pepo" hapa, hutaiondoa baadaye. Hakuna aliyewahi kukwama. Mwongozaji akiondoka chumbani, mtu hufumbua macho mwenyewe au husinzia kisha akaamka.

Kisha kukaza mawazo, dakika tatu hadi tano: pumzi, au alama ukutani. Kutuliza mwili, dakika tano. Taswira ya mahali salama, ambayo lazima itoke kwa mgonjwa. Mama wa Tukuyu anaweza kuchagua kivuli cha migomba baada ya mvua. Ukimpa ufukwe wa bahari ambao hajawahi kuuona, na pengine anaogopa maji, umempoteza. Baada ya hapo madokezo yenyewe, kwa lugha anayoiotea ndoto. Mzee wa Kilolo anayewaza kwa Kihehe apewe mwongozaji wa Kihehe, au asifanyiwe kabisa. Kupitia mkalimani dokezo hufika limepoa. Mwisho unahesabu polepole kumrudisha, na unafuta kila dokezo la mwili: "mkono umerudi na nguvu zake zote". Wanaoanza huruka hatua hii, mtu anatoka na mkono mzito hadi jioni. Akae dakika kumi, anywe maji, asiondoke na bodaboda yake akiwa bado anazubaa.

Nini huenda kombo?

Kichwa kuuma kidogo, kizunguzungu na usingizi hutokea na hupita. Machozi ya ghafla hutokea kwa aliyefiwa au aliyebakwa; usimsukume aendelee, mrudishe kwenye pumzi na chumba, na umpeleke kwa mshauri. Mwenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwapo, asiguswe nje ya hospitali, kwa kuwa mipaka kati ya wazo lake na sauti ya nje tayari imetikisika. Kosa baya kuliko yote ni kutuliza maumivu ambayo hayajachunguzwa: kidole tumbo hakisubiri.

Inaweza kunikumbusha aliyeniibia, au yaliyonipata utotoni?

Hapana, usijaribu. Hipnosisi huongeza wingi wa mambo mtu anayoyasema na huongeza uhakika wake, lakini usahihi hauongezeki. Baraza la chama cha madaktari wa Marekani lilionya hivyo mwaka 1985, na mahakama ya juu kabisa ya California ilikuwa imeshauzuia ushahidi wa namna hiyo mwaka 1982. Shahidi anatoka akiwa na picha safi ya uso wa mtu ambaye pengine hakuwapo. Mahali ambapo jina likitajwa nyumba inaweza kuchomwa moto usiku uleule, huo ni mchezo wa hatari mno.

Mimi ni muuguzi, sina mafunzo hayo. Kuna ninachoweza kuchukua?

Maneno. Lang alionyesha mwaka 2005 kwamba kumwonya mgonjwa kwa maneno ya maumivu, au kumpa pole kwa maneno hayo, kuliongeza maumivu na wasiwasi badala ya kupunguza. Sasa sikiliza chumba cha sindano chochote: "Pole mama, itauma kidogo tu, vumilia." Neno lililobaki kichwani ni "itauma", na limesemwa na mtu wa cheo kwa mtu mwenye hofu.

Jaribu hivi. "Mama, naanza sasa. Utahisi ubaridi wa spiriti, kisha mguso. Vuta pumzi polepole, unapoitoa legeza bega." Usidanganye kwamba haitauma, taja hisia nyingine iliyo ya kweli. Akiuliza moja kwa moja, mjibu ukweli: wengine huhisi kubanwa, wengine joto, utaniambia wewe ilikuwaje. Choma wakati anatoa pumzi. Mtoto mpe kazi, ahesabu vigae au apulize mkono wako. Na aliyesimama nyuma akisema "jikaze, wewe ni mwanaume" mtume akalete kadi.

Ninaweza kujifanyia mwenyewe?

Ndiyo, kwa maumivu yaliyokwisha chunguzwa, usingizi na hofu ya mtihani. Dakika 10 hadi 15, mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua kama inafaa. Kaa, usilale. Jifunike, kwenye baridi ya Njombe ya mwezi wa saba mwili unaotetemeka hautulii. Simu izime isipokuwa kengele ya mwisho. Tazama sehemu moja hadi kope zichoke, fumba, hesabu pumzi 20. Chagua dokezo moja tu, fupi, la wakati uliopo, lisilotaja unachokikimbia: "bega linalegea na lina joto", wala siyo "sitaki kuumwa bega". Lirudie kila unapotoa pumzi. Ukimaliza hesabu moja hadi tano, nyoosha mikono, simama. Usirekodi sauti yako ukaisikiliza ukiendesha gari mteremko wa Kitonga.

Nitampataje mtu wa kuaminika Mbeya au Iringa?

Anza na kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, ueleze tatizo lako badala ya kuomba "hipnosisi". Mara nyingi utapewa ushauri nasaha au mazoezi ya kujituliza yanayofanya kazi hiyohiyo. Ukielekezwa kwa mtu binafsi, muulize: taaluma yako ya msingi ni ipi na leseni yako iko wapi? Anayetibu meno kwa hipnosisi lazima kwanza awe mtaalamu wa meno. Anayejiita wa tiba asili au tiba mbadala anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya 2002. Muulize ni vikao vingapi na bei yote ni kiasi gani. Vinne hadi kumi na viwili ni vya kawaida kwa tatizo la tumbo, na anayesema haijulikani hadi hela iishe umeshamjua. Uliza kama ndugu yako anaweza kukaa chumbani. Akikataa, aga.

Niache dawa zangu nikianza?

Usiache. Zikipungua, apunguze daktari aliyeziandika.